Gari Linalozimika Likisimama: Kabla Hamjafungua Pampu

(Haya ni mazungumzo tuliyowapa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vyenye magari, walipokutana Malindi. Wengi waliomba yaandikwe, nasi tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema.)

Wale wa nyuma sogeeni kidogo, maana sauti yetu leo si nzuri.

Tuseme wazi kwanza: sisi si mafundi wa magari. Diploma yetu ni ya ustawi wa jamii. Kwa miaka mingi tumewafundisha kuandika vitabu vya hesabu, kutunga katiba ya kikundi, na kufanya mkutano bila kurushiana viti. Kama mtu angetuambia zamani kwamba tutasimama hapa kuzungumza juu ya mpira wa dizeli, tungecheka. Lakini gari la kikundi likiharibika, vitabu navyo huharibika, na watu huharibiana majina. Sisi tumeliona jambo hili kwa macho yetu, na tena tulikuwa na mkono ndani yake. Ndiyo maana tumeamua kulisimulia lote.

Kikundi chenyewe kiko upande wa Marafa. Jina tunaliacha; walioko humu ndani wanajijua, nao wametupa ruhusa. Walikuwa na Canter kuukuu, injini ya 4D32, ambayo waliinunua kwa michango ya miaka minne. Msimu wa maembe ukifika gari hilo hubeba ngowe kutoka vijijini hadi soko la Kongowea, Mombasa. Msimu ukiisha hubeba makuti, mahindi, na mitungi ya maji wakati wa kiangazi. Halikuwa gari la kujivunia barabarani, lakini lilikuwa likilipa karo za watoto wengi.

Mwishoni mwa mwaka wa 2018, msimu wa maembe ukiwa umepamba moto, gari lilianza kuzimika. Halikuzimika likienda. Lilizimika likisimama, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta na injini ikabaki kunguruma polepole peke yake. Hali hiyo mafundi wa hapa kwetu huiita sailensi. Injini inatetemeka, inakohoa mara mbili tatu, kisha kimya. Kuiwasha tena lazima taniboi ashuke, afungue, apampu kwa mkono ile pampu ndogo ya dizeli, ndipo ishike. Fikirini mambo hayo katikati ya foleni ya Mtwapa, jua la saa nane, nyuma matatu zinapiga honi.

Fundi wa kwanza alikuja na bisibisi. Akainua sailensi, yaani akakaza ile skrubu inayoizuia injini isishuke chini ya mwendo fulani. Ikanguruma juu, watu wakapiga makofi. Baada ya siku nne ikazimika vile vile, ila sasa gia zilikuwa zinagonga kuingia na dizeli ilikuwa inaliwa zaidi. Kama gari limekuwa na sailensi nzuri miaka yote, halafu ghafla likaanza kuzimika, skrubu hiyo haikujigeuza yenyewe usiku. Kuikaza ni kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kichwa.

Basi maneno yakaanza. Mtu mmoja aligundua jambo ambalo kwa kweli lilikuwa sahihi: gari likienda Mombasa halizimiki, likirudi linazimika. Asubuhi linatoka Malindi limejaa mafuta na maembe, zima kabisa. Jioni linarudi tupu, linakohoa tangu Mtwapa hadi Kilifi. Kutokana na jambo hilo la kweli watu wakajenga uongo. Wakasema dereva anasimama Mtwapa, anafyonza dizeli na kuiuza, kisha anajazia mafuta ya taa au maji ili tangi lisionekane limepungua. Mnakumbuka habari za wakati ule. Ilikuwa ni mwezi wa Septemba mwaka huo huo wa 2018 ambapo serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Kila redio ilikuwa inaongea habari za mafuta ya kuchanganya. Kwa hiyo hadithi ya dereva iliingia masikioni bila kubisha hodi.

Mama mweka hazina akapewa kazi ya kumchunga. Akanunua daftari la kurasa 96, akaandika kila safari: tarehe, lita zilizonunuliwa, kituo, safari ya wapi, na mahali gari lilipozimika. Tulimsifu sana kwa daftari hilo. Litarudi mbele ya mazungumzo haya, likumbukeni.

Mwezi wa Januari 2019, wiki ile shule zinafunguliwa, kamati ilimwachisha dereva kazi. Hakuulizwa mengi. Alisema maneno machache tu: "Mzee, mimi nimeendesha hii gari tangu mlipoinunua. Kama ningekuwa mwizi ningeanza zamani." Akaacha ufunguo mezani akaenda.

Kisha kamati ikaleta fundi wa pili. Huyu alisikiliza injini dakika tano, akasema pampu kubwa imekufa, ile inayopeleka mafuta kwenye nozeli kwa nguvu. Kuifungua, kuipima, na kubadilisha vitu vya ndani pamoja na nozeli nne, Sh. 45,000. Pesa hizo hazikuwapo isipokuwa kwenye mfuko wa karo. Waliandika barua kuja kwetu wakiomba ushauri. Nasi, ndugu zangu, tulijibu kwamba kama fundi amesema basi watoe. Hatukuuliza amepima nini. Kama ingekuwa ni mkopo wa mbuzi tungeuliza maswali kumi. Kwa kuwa ilikuwa injini tulinyamaza, kwa sababu hatukutaka kuonekana hatujui.

Pampu ilitengenezwa. Tusimseme vibaya fundi, kazi aliyolipwa aliifanya. Alipomaliza akajaza tangi mpaka juu ili alijaribu gari barabarani, likanguruma siku mbili bila kukohoa. Siku ya tatu dereva mpya akaenda Kongowea. Akirudi, Mtwapa, likazimika.

Safari iliyofuata ilikaribia kuwa msiba. Dereva mpya alikuwa na tabia ya kutoa gia kwenye mteremko ili abane dizeli. Karibu na daraja la Sabaki alitoa gia, injini ikabaki kwenye sailensi, ikazimika. Mnajua gari la aina ile breki zake husaidiwa na injini. Injini ikifa, ukikanyaga mara moja au mbili bado unapata msaada, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe na usukani mzito. Nyuma walikuwa wamekaa akina mama wanne juu ya kreti tupu. Alilielekeza kwenye kingo ya mchanga, likasimama. Hakuna aliyeumia. Mmoja wa akina mama hao yuko hapa leo, na ametuambia tuseme kwamba tangu siku hiyo hapandi gari ambalo dereva wake anatoa gia mteremkoni. Tunamuunga mkono. Dizeli mnayobana namna hiyo ni kikombe kimoja.

Hapo ndipo mwenyekiti alipomwendea mzee mmoja aliyestaafu, ambaye alikuwa akitengeneza trekta na malori upande wa mashamba ya chumvi. Tulikwenda naye siku hiyo tukakaa chini ya mwembe tukamtazama. Yale mtakayoyasikia sasa tumejifunza kwake, na baadaye tumeyaona kwa magari mengine.

Mzee hakufungua chochote. Aliomba kiti, akauliza maswali. Linazimika likiwa baridi au moto? Limebeba au tupu? Tangi limejaa au limepungua? Asubuhi linashika mara moja au mpaka mpampu? Mlimani lina nguvu? Moshi wake ni wa rangi gani? Dereva mpya alijibu mawili, mengine hakujua. Ndipo mama mweka hazina akasema, "Baba, mimi nina daftari."

Mzee alivaa miwani akasoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Tulidhani amesahau gari. Kisha akauliza, "Tangi hili ni la lita ngapi?" Lita 100. "Na geji ya mafuta?" Ilikufa zamani. Akasema: "Tazameni hapa. Mnatia lita 70 Malindi. Hadi Kongowea na mzigo limekula kama 20. Zimebaki 50, nusu ya tangi. Na tangu hapo linazima. Hapa mlitia 40 tu kwa kuwa pesa zilikuwa chache, na siku hiyo lilizima kabla ya kufika Gede. Siku fundi alipojaza mpaka juu halikuzima siku mbili. Hii gari haizimi kwa sababu ya Mtwapa. Inazima tangi likifika nusu."

Ndugu, tulitazamana. Daftari lililonunuliwa kumkamata dereva ndilo lililomtoa lawamani, na lilikuwa mezani kwetu muda wote. Hakuna aliyelisoma kwa swali jingine isipokuwa la wizi.

Sasa tueleze kwa nini nusu ya tangi inaweza kuzima injini. Dizeli haiendi yenyewe. Kutoka tangini hadi pampu ndogo inavutwa, kama mtoto anavyovuta maji ya dafu kwa mrija. Kutoka pampu ndogo kwenda mbele, kupitia chujio hadi pampu kubwa, inasukumwa. Kushika tofauti hii ni nusu ya kazi. Bomba la kusukuma likipasuka latoa mafuta nje, utaona tone, utasikia harufu. Bomba la kuvuta likipasuka lavuta upepo ndani, na hutaona hata tone moja. Gari ni kavu, safi, na ni gonjwa. Toboeni mrija wa dafu kwa sindano kisha mvute, mtaelewa.

Likiwa linakimbia, mafuta mengi yanapita na kuubeba upepo huo, na sehemu kubwa yake hurudi tangini kwa bomba la marejeo. Likisimama, kinachoingia kwenye nozeli ni tone dogo sana, na povu kidogo tu linatosha kulikatiza. Ndiyo maana gari la namna hii hukimbia vizuri na kufa likisimama. Lingekuwa chujio limeziba, kwa kawaida lingeanza kwa kukosa nguvu mlimani na mzigo mzito, kwa kuwa hapo ndipo mafuta mengi yanahitajika. Si sheria ya chuma, lakini ni swali zuri la kuanza nalo.

Mzee alianza kwenye tangi akaenda mbele, wala hakuanza kwenye pampu akarudi nyuma. Kwanza mfuniko. Tangi linahitaji kupumua. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie mahali pake. Tundu la kupumulia likizibwa na vumbi la barabara ya Marafa, pampu inavuta mpaka inashindwa. Kulijaribu ni rahisi: gari likianza kukohoa, fungueni mfuniko. Mkisikia fyuu na injini ikapata nafuu, mmelipata tatizo bila kulipa senti. Gari hili mfuniko wake haukuwapo kabisa. Palikuwa na mfuko wa nailoni na kitambaa kimefungwa kwa mpira. Hewa ilikuwa inaingia, sawa, na mvua je? Na mchanga?

Kwa hiyo la pili lilikuwa maji. Akafungua bolti ya chini ya tangi kidogo, akakinga dizeli kwenye chupa ya kioo, akaiweka kivulini. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, mstari unaonekana wazi. Kulikuwa na maji kidogo, kama kidole kimoja, na kutu. Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna shida ya pekee: hewa yetu ni ya unyevu na chumvi, na tangi likilala nusu tupu usiku hupata jasho ndani. Mkiweza, jazeni jioni. Mzee aliyatoa maji, akasafisha kikombe cha chujio, akabadilisha chujio. Akasema hayo yalihitajika kufanywa hata hivyo, lakini siyo yanayoizima, kwa kuwa maji hayajui tangi limefika nusu.

Akaangalia mipira. Mmoja, karibu na pampu ndogo, mtu alikuwa ameuviringishia utepe wa mpira wa baiskeli. Jamani, mpira wa baiskeli unaweza kuzuia maji yanayotoka, haumzuii upepo anayevutwa kuingia. Akaukata, akatia mpira mpya wa mafuta na klipu mbili. Pale penye washa za shaba akaweka mpya, maana zile za zamani zikishabanwa mara nyingi haziketi tena vizuri. Kisha akautoa upepo: alilegeza skrubu ya juu ya chujio, akapampu kwa mkono mpaka povu likaisha na dizeli ikatoka nzito, akaikaza ikiwa bado inatoka. Akafanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Injini ikashika. Baada ya dakika saba, kimya.

Mwenyekiti akashika kichwa. Mzee akasema, "Vizuri, tumejua siyo hapo."

Sasa sikilizeni jaribio la mtungi, kwa sababu tungelijua mapema tungeokoa Sh. 45,000. Mzee alichukua mtungi safi wa plastiki, akatia lita tano za dizeli iliyochujwa kwa kitambaa, akauweka mahali pa juu kidogo, ukafungwa kwa kamba usianguke. Akatoa mpira unaotoka tangini, akaziba mdomo wake. Akachukua mpira mwingine mpya, mrefu, unaoonyesha ndani, mmoja mwisho kwenye mtungi hadi chini, mwingine kwenye pampu ndogo. Bomba la marejeo nalo akalielekeza mtungini. Akatoa upepo, akawasha. Gari lilinguruma kwenye sailensi nusu saa nzima. Tulikunywa chai. Kwenye mpira ule tuliona dizeli inapita safi bila kipovu hata kimoja.

Maana yake ni nini? Injini ni nzima, pampu kubwa ni nzima, nozeli ni nzima. Ugonjwa uko kati ya pampu ndogo na tangi, mahali ambapo hakuna kitu cha bei kubwa. Na kama lingezimika hata kwa mtungi? Basi ugonjwa uko mbele, na hapo fundi wa pampu ana haki ya kusikilizwa. Jaribio lile lingefanywa siku ya kwanza kwa lita tano na mpira wa mita mbili.

Akarudisha mpira wa tangi, ila sasa akaacha kipande cha ule mpira unaoonyesha ndani. Tuliona povu. Vipovu vidogo vidogo kama soda, vinatoka tangini kwenyewe. Akafungua juu ya tangi, akalivuta lile bomba la chuma linaloshuka ndani kunyonya mafuta. Akalipangusa, akaziba ncha moja kwa kidole gumba, akapuliza kwa nyingine. Upepo ulitoka katikati. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeliwa na kutu, kama shibiri moja na kidogo kutoka chini. Mafuta yakiwa juu ya ufa, bomba linanyonya dizeli kote kote. Yakishuka chini ya ufa, linanyonya dizeli kwa chini na hewa kwa ubavuni.

Bomba lilichomelewa kwa shaba na fundi wa jua kali mjini Malindi. Bomba peke yake, tafadhali. Tangi lililokuwa na mafuta halipelekwi kwenye moto hata likiwa tupu, mvuke wake unalipuka. Mpira, klipu, washa, chujio, mfuniko mpya wa tangi na kazi ya kuchomelea, jumla haikufika Sh. 4,000. Mzee alikataa pesa, akachukua maembe.

Kuna mengine aliyotufundisha siku ile ambayo gari lile halikuwa nayo, lakini lenu linaweza kuwa nayo. Pampu ndogo yenyewe huchoka; ukipampu kwa mkono na hausikii uzito wowote, ishuku. Nozeli ikivujisha badala ya kunyunyiza, injini hugonga na kutoa moshi kwenye sailensi. Kuijua ni ipi, fundi hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikinguruma. Akilegeza ya nozeli nzima, sauti inabadilika. Akilegeza ya nozeli mbovu, hakuna tofauti. Kazi hiyo mwachieni fundi, wala mtu yeyote asiweke mkono pale. Dizeli ya pampu kubwa inatoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidole kinaweza kukatwa kwa ajili ya tundu dogo tu. Na kama injini imechoka yenyewe, haina mgandamizo, asubuhi ni ngumu kuwaka na moshi ni mwingi, hapo hakuna mpira utakaosaidia. Kaeni kikao mzungumze kama gari bado linalipa.

Kitu kingine: msifyonze dizeli kwa mdomo. Tunajua kila taniboi anafanya. Ikiingia mapafuni ni hospitali. Na kabla ya mtu kuingia chini ya gari, mawe kwenye magurudumu, gia imetolewa, breki ya mkono imevutwa.

Mtatuuliza, je, fundi wa pili alikuwa tapeli? Hatusemi hivyo. Aliulizwa "pampu ni shilingi ngapi?" akajibu. Hakuna aliyemwambia "tuonyeshe". Tangu siku hiyo tunapoletewa barua ya matengenezo yanayozidi Sh. 10,000, tunauliza maswali mawili: fundi amejaribu nini kabla ya kusema hivyo, na nani wa kikundi alikuwa amesimama hapo akiona. Vikundi viwili vimetukasirikia kwa sababu hiyo. Kimoja baadaye kilikuta chujio lake halijabadilishwa tangu gari linunuliwe.

Sasa habari ya dereva. Mwenyekiti alitaka kumwita kwenye mkutano ili aambiwe amesamehewa. Mama mweka hazina akakataa. Akasema, "Asamehewe kosa gani? Sisi ndio tumsubiri atusamehe." Tulikwenda nyumbani kwake jioni moja, mwenyekiti, yeye mama, na sisi wa ofisi kwa sababu barua ya pesa ilikuwa na sahihi yetu. Alikuwa anaendesha tuk-tuk ya mtu mjini Malindi. Tulimpa lile bomba la zamani, kile kipande chenye ufa kilichokatwa, alishike. Alilitazama sana, akalipuliza, akasikia upepo. Hakusema kitu. Mkewe ndiye aliyesema. Alisema mtoto wao alirudishwa nyumbani mwezi ule kwa ajili ya karo, na shuleni wenzake walikuwa wanamwita mtoto wa mwizi wa dizeli. Mwenyekiti, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, aliinamisha kichwa.

Kikundi kilimlipa mishahara ya miezi aliyokaa nje, kwa mafungu matatu, na mwenyekiti akasimama mbele ya mkutano akasema kwa mdomo wake kwamba dereva hakuiba. Hakurudi mara moja. Alirudi msimu wa maembe uliofuata, akiwa na sharti moja: daftari la mafuta liwe na sahihi mbili, ya mweka hazina na yake, kila safari. Daftari la sasa ni la tano. Lina safu nyingine mpya pembeni, ya kipimo cha fimbo: kabla ya kuondoka wanatumbukiza fimbo iliyotiwa alama tangini na kuandika lita, maana geji haijatengenezwa mpaka leo.

Basi, chai iko tayari. Wenzetu wa Ganze wamekuja na lori lao, liko pale nje chini ya mkwaju, nao wanasema linazimika likisimama na wameambiwa pampu. Mtungi tunao, mpira tunao. Baada ya chai tutaanza na mfuniko wa tangi. Mwenye chupa tupu ya kioo aje nayo.